Kuhudumia vidonda vya EB nyumbani: sindano, gozi, maji ya chumvi na jeli mpya

Mtoto mwenye epidermolisisi bulosa, kwa kifupi EB, huzaliwa na ngozi ambayo matabaka yake hayajashikamana vizuri. Tabaka la juu na la chini hufungwa pamoja na protini kadhaa. Jeni inayotengeneza mojawapo ikiwa na kasoro, msuguano mdogo wa nepi, mshono wa shati au kiganja cha mzazi hutosha kuyatenganisha, na hapo lengelenge hutokea. Katika EB simpleksi kasoro huwa kwenye keratini, na malengelenge mengi hupona bila kovu. Katika EB distrofiki, ambayo ndiyo inayozungumziwa zaidi hapa, kinachokosekana au kupungua ni kolajeni ya saba, zile nyuzi zinazoikamata ngozi ya juu na kuifunga kwa ya chini. Vidonda vyake huacha makovu, vidole huweza kushikana, na baadhi ya vidonda hukaa wazi kwa miezi. Ugonjwa huu hurithiwa. Hauambukizi, na mtoto anaweza kubebwa, kuchezewa na kulala na ndugu zake.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza wapake dawa gani. Swali linalotangulia ni hili: kile kitakachowekwa juu ya kidonda leo kitatokaje kesho? Vidonda vingi vipya vya EB huzaliwa wakati wa kubadilisha bandeji, pale gozi, yaani kitambaa cha kufunikia kidonda, iliyokauka inapovutwa na kuondoka na ngozi iliyokuwa imeanza kuota. Kwa hiyo pima kila krimu, kitambaa na plasta kwa kipimo hicho kwanza.

Lengelenge jipya

Lengelenge la kawaida hufika ukubwa fulani likatulia. La EB halina ukingo wa kulizuia: maji ya ndani husukuma pembeni, ngozi dhaifu huachia, na lengelenge lenye ukubwa wa harage asubuhi huweza kuenea kwenye unyayo mzima jioni. Ndiyo maana ushauri wa "usipasue lengelenge" haufai hapa. Litoboe mapema.

Osha mikono kwa sabuni. Tumia sindano tasa ya hospitali, ya kijani (namba 21) au ya bluu (namba 23). Ilaze sambamba na ngozi, iingize pembeni mwa lengelenge upande ulio chini zaidi ambako maji yatashuka yenyewe, kisha ipitishe mpaka itokee upande wa pili. Matundu mawili yanahitajika kwa sababu tundu moja huziba upesi na maji hujaa tena. Weka gozi laini juu na ukandamize taratibu, moja kwa moja kwenda chini, mpaka maji yaishe. Usikamue kwa kuburuta kidole. Ngozi ya EB huvumilia mgandamizo. Isichovumilia ni msuguano, na kanuni hiyo inahusu pia namna ya kumbeba mtoto. Usimnyanyue kwa makwapa. Mkono mmoja uwe chini ya kichwa na shingo, mwingine chini ya makalio, au umnyanyue pamoja na godoro dogo au kitambaa chake kinene laini.

Ngozi ya juu ya lengelenge usiikate. Ndiyo kifuniko bora ambacho kidonda hicho kitapata, na haigharimu kitu. Kagua asubuhi na jioni. Likijaa tena, litoboe tena. Miiba, pini za nguo na nyembe hazifai hata zikichomwa kwenye moto. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na uirudishe kituo cha afya.

Kwa EB simpleksi ya nyayo, baada ya kutoa maji unaweza kunyunyiza wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kupikia, ili kupunguza unyevu na msuguano. Usiuweke kwenye kidonda kilicho wazi kwa sababu huganda. Joto na jasho huwaongezea hawa malengelenge, kwa hiyo kwenye miji ya pwani viatu vya wazi vya ngozi laini na soksi za pamba zinazobadilishwa mchana hufanya kazi kubwa kuliko krimu.

Kabla ya kufungua bandeji

Maumivu yatangulie kutibiwa. Parasetamoli ya maji hupewa kwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, dakika 45 hivi kabla ya kuanza. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 6 hivi. Acha saa 6 kati ya dozi na dozi, zisizidi 4 kwa siku, na mtoto aliye chini ya miezi 3 apangiwe dozi hospitalini. Kwa vidonda vikubwa parasetamoli haitoshi, na mtoto hapaswi kulia kwa muda wa saa mbili kila siku eti kwa kuwa ugonjwa hauna tiba. Uliza kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso, kuhusu mofini ya maji. Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa walio nyumbani tangu miaka ya 1990 kupitia Hospice Africa Uganda, na kwa kipimo cha daktari ni dawa salama.

Andaa kila kitu kwanza: gozi zimeshakatwa kwa vipimo, mafuta yamefunguliwa, mkasi umeoshwa, meza imefunikwa kitambaa safi. Zima feni, kwa kuwa upepo kwenye kidonda kilicho wazi huuma sana. Fungua mguu mmoja, usafishe, uufunge, ndipo ufungue wa pili. Ukifungua yote miwili kwa pamoja, mtoto anapojirusha kwa maumivu husugua mguu kwa mguu, na utakuwa na vidonda vipya kabla hujamaliza vya zamani.

Bandeji iliyoganda haivutwi. Ilowanishe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, au uipake mafuta ya kutosha pembeni na usubiri yapenye. Kama kipande bado kimekataa, kata kilicholegea, kiache kilichoshika, paka mafuta juu yake na ufunge. Kesho kitatoka.

Maji ya kuogea

Maji matupu huuma kwa sababu hayana chumvi kama ya mwili. Yafanye yafanane: gramu 9 za chumvi ya mezani kwa kila lita. Kwa lita moja ni kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa. Kwa beseni la lita 10 ni gramu 90, sawa na vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa. Maji yachemshwe kwanza, yapoe yawe ya uvuguvugu. Ukizidisha chumvi yatauma kuliko maji matupu.

Pale vidonda vinapotoa harufu au ute mzito mara kwa mara, kuna namna mbili za kupunguza bakteria bila kutumia antibayotiki.

Ya kwanza ni klorini iliyozimuliwa sana, kiasi cha asilimia 0.005. Soma chupa ya dawa ya kung'arishia nguo. Kama imeandikwa asilimia 3.5, pima mililita 14 kwa maji lita 10; kama ni asilimia 5, mililita 10. Pima kwa bomba la sindano, kamwe usikadirie kwa kifuniko. Iwe ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni ndani yake. Mtoto aloweke dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki, kisha asuuzwe kwa maji ya chumvi.

Ya pili ni siki nyeupe, hasa ute unapokuwa wa kijani wenye harufu tamutamu, dalili ya bakteria wa Sudomonasi. Siki ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 19, hutoa asilimia 0.25. Lowanisha gozi, weka juu ya kidonda dakika 10, ondoa, suuza. Siki na klorini zisikutane hata kwenye beseni moja ambalo halijasuuzwa: zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Baada ya kuoga, kausha kwa kugusisha khanga kuukuu iliyofuliwa ikalainika. Usifute.

Kinachogusa kidonda

Kama unaweza kupata gozi za silikoni (Mepitel ni mojawapo) au zile zenye mafuta yaliyoshikana na nyuzi (Urgotul), tumia pesa yako hapo kabla ya kununua krimu yoyote. Gozi ya silikoni hushika ngozi kavu kidogo na haishiki kidonda. Inaweza kubaki mahali pake siku kadhaa huku ukibadilisha tabaka la nje tu, na hilo ndilo linaloipa thamani, maana kidonda hakisumbuliwi. Juu yake huwekwa sponji nyembamba ya kunyonya ute, kisha bandeji ya kuzungusha isiyobana, kisha bandeji ya mviringo inayovaliwa kama soksi. Plasta isiguse ngozi popote. Plasta hushika bandeji kwa bandeji.

Wengi hawatazipata, na kazi haisimami kwa hilo. Gozi ya parafini inayouzwa kwenye maduka mengi ya dawa inafaa kwa sharti moja: usiitegemee mafuta yake. Hukauka ndani ya siku moja, kwenye joto hata mapema, na ikikauka nyuzi zake huingia kwenye kidonda. Paka juu yake tabaka nene la mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato, milimita 2 au 3, weka gozi 2 badala ya 1, na badilisha kila siku. Ukikosa hata hiyo, gozi tasa ya kawaida iliyopakwa mafuta ya mgando mpaka nyuzi zisionekane hufanya kazi. Mafuta yachotwe kwa kijiko safi kutoka kwenye kopo la mgonjwa peke yake, kwa sababu kidole kinachorudi koponi hupeleka bakteria wa leo kwenye kidonda cha kesho. Pamba usiiweke kamwe. Nyuzi zake hubaki ndani.

Wauguzi wa India wamekuwa wakitumia majani ya mgomba yaliyotakaswa kwa mvuke kwa wagonjwa wa kuungua na wa malengelenge, kwa kuwa jani hilo ni laini, lina nta na halishiki. Kwa Kagera au Uganda, ambako jani liko nyuma ya nyumba, linafaa kufikiriwa kama shuka la kulalia. Likiwekwa kwenye kidonda kilicho wazi ni lazima lipite kwenye mashine ya kutakasa ya hospitali.

Ukiona kingo za kidonda zimekuwa nyeupe na zimelegea kama vidole vilivyokaa majini, ute umezidi uwezo wa bandeji: ongeza tabaka la kunyonya au badilisha mara nyingi zaidi, na paka mafuta kwenye kingo kuzikinga. Ukiona kidonda kikavu kimenatana na gozi, mafuta yalikuwa machache.

Vidole vya EB distrofiki vifungwe kimoja kimoja. Kata utepe mwembamba wa gozi isiyoshika, upitishe katikati ya kila vidole viwili mpaka kwenye mzizi, ukivuta kidogo kuelekea kiganjani. Vidole viwili vyenye vidonda vikifungwa pamoja huponea pamoja, na baadaye hutenganishwa kwa upasuaji.

Tahadhari inayosahaulika: nguo na bandeji zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka na kuwaka kwa nguvu, na kufua hakuondoi mafuta yote. Mtoto akae mbali na jiko la mkaa, mafiga, mshumaa na kibatari.

Dawa za kupaka: lini, na mpaka lini

Kidonda safi cha EB hakihitaji antibayotiki. Kinahitaji unyevu na utulivu. Dawa ya kuua bakteria ina nafasi yake pale kidonda kilichokuwa kinapungua kinaposimama, kinapouma zaidi, kinapotoa ute mwingi au harufu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kupima joto, na tafuta uvimbe, ugumu, au ngozi ya pembeni iliyokolea weusi kuliko kawaida. Homa, tezi zilizovimba au uvimbe unaosambaa humaanisha hospitali siku hiyo hiyo na dawa ya kumeza au ya sindano. Ya kupaka haitafika.

Mupirosini ni nzuri kwa kidonda kidogo chenye maambukizi, kwa siku 10 hivi, kisha iachwe. Ikipakwa mwezi baada ya mwezi hutengeneza bakteria sugu, na siku itakapohitajika kweli haitafanya kazi. Krimu ya silva salfadiazini, ile ya wagonjwa wa kuungua, isitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa wakubwa iwe ya muda mfupi na eneo dogo, kwa sababu madini ya fedha hupenya kwenye damu kupitia vidonda vipana. Pia huacha utando mweupe unaofanana na usaha na kumpoteza anayekagua. Asali iliyotakaswa kwa matumizi ya hospitali hupunguza harufu na bakteria, ingawa huuma dakika za mwanzo. Asali ya mzinga si ile ile: inaweza kubeba mbegu za bakteria.

Jentamisini ya kupaka ina habari ya kuvutia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwapaka wagonjwa 5 wa EB distrofiki marhamu ya asilimia 0.1, na ngozi yao ikaanza kutengeneza kolajeni ya saba. Hilo huwezekana kwa wale tu ambao jeni yao ina alama ya "simama" mahali isipotakiwa, na bila kipimo cha jeni huwezi kujua. Usiipake mwili mzima kwa kubahatisha. Kupitia vidonda vipana huingia kwenye damu, na madhara yake ni figo na masikio; uziwi wake haurudi nyuma.

Zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti, zenye steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, zina madhara makubwa kwa watoto hawa. Steroidi hupunguza uvimbe siku 3 za kwanza, mzazi akafurahi, huku ikizidi kuikondesha ngozi na kuchelewesha kidonda kufunga. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua seli changa pamoja na bakteria. GV, ile dawa ya zambarau, hukausha na kuficha rangi ya kidonda usiweze kukisoma. Iodini hupenya na kusumbua tezi ya shingo, hasa kwa wachanga. Unga wa vidonge vya rangi mbili, majivu na dawa ya meno hugeuka gamba gumu ambalo likitoka hutoka na ngozi.

Jeli mpya

Dawa mbili za kupaka zimeidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huu, na familia zenye jamaa Ulaya au Marekani huziulizia sana.

Filsuvez ni jeli ya dondoo la gome la mbetula, asilimia 10, katika mafuta ya alizeti. Ulaya iliiidhinisha 2022 na Marekani Desemba 2023, kwa EB distrofiki na ya kiunganishi (aina nyingine ya EB) kuanzia umri wa miezi 6. Katika utafiti wa watu 223, vidonda vilivyolengwa vilifunga kabisa ndani ya siku 45 kwa asilimia 41.3 ya waliopewa dawa, dhidi ya 28.9 ya waliopewa jeli isiyo na dawa. Ni msaada wa kweli, na pia ni kipimo cha matarajio: zaidi ya nusu hawakufunga ndani ya muda huo. Hupakwa unene wa milimita 1 juu ya kidonda kilichosafishwa au juu ya gozi yenyewe, bila kusugua, kila bandeji inapobadilishwa, pasipo krimu nyingine chini yake. Tyubu hutumika mara moja. Haina kihifadhi, na iliyobaki hutupwa. Kidonda kikipata maambukizi, isimamishwe mpaka yaishe.

Vyjuvek ni tiba ya jeni, na iliidhinishwa Marekani Mei 2023 kwa EB distrofiki. Virusi vya hepesi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana hubeba nakala nzima ya jeni ya kolajeni ya saba hadi kwenye seli za kidonda. Katika utafiti wa wagonjwa 31, asilimia 67 ya vidonda vilivyopakwa vilikuwa vimefunga kabisa kufikia miezi 6, dhidi ya 22 vya upande wa kulinganisha. Hudondoshwa matone yaliyoachana kama sentimita 1, mara moja kwa wiki, kisha hufunikwa. Seli zilizopokea jeni hufa na kubadilishwa na nyingine, ndiyo maana hurudiwa. Husafirishwa ikiwa imegandishwa, hutayarishwa na mfamasia, haiandaliwi wala kupakwa na mjamzito, na gharama yake hufika mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka.

Zote mbili hufunikwa kwa gozi isiyoshika. Aliyezipata bila kujua kuilowanisha bandeji atavuta ngozi ile ile aliyoilipia.

Kidonda kinachobadilika tabia, na kadi ya hospitali

Mwenye EB distrofiki kali huanza kukaguliwa saratani ya ngozi akifikisha miaka 10 hivi, ngozi yote, kila miezi 3 hadi 6. Nyumbani, kila kidonda kipigwe picha mara moja kwa wiki karibu na rula. Kilichozidi wiki 4 bila kupungua, kinachoinuka kingo, kinachoota nyama haraka, au ambacho maumivu yake yamebadilika, kikatwe kipande kipimwe. Usikubali krimu nyingine ya wiki mbili kwanza. Kliniki za ngozi za Muhimbili, Kenyatta na kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC Moshi ni mahali pa kuanzia.

Vidonda vikisimama vyote kwa pamoja, angalia damu na chakula anachokula. Protini na madini ya chuma hutoka kila siku kwenye ute, na hakuna jeli inayofidia upungufu huo. Pima damu, na mpe vyakula laini vilivyopoa: uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa vizuri, mayai, maharage yaliyopondwa.

Andika kadi ya kubeba kila anapokwenda kutibiwa, kwa maneno mafupi: hakuna plasta kwenye ngozi, kanula (mrija wa kwenye mshipa) ifungwe kwa bandeji au kwa plasta ya silikoni, kipimo cha presha kivalishwe juu ya bandeji nene, mkono usisuguliwe kutafuta mshipa, ukandamizwe tu, pamba yenye spiriti iguse, isifute, vibandiko vya kupima moyo vipakwe mafuta ya mgando upande wa gundi, pakiachwa wazi sehemu ya katikati. Kwa mtoto mchanga ongeza haya: kibanio cha kitovu kibadilishwe kwa uzi, na utambulisho wa jina ufungwe kwenye nguo, si kwenye mkono.